Jiwe la Jikoni kwa Bi Mwatum

Bi Mwatum alikuwa akipika amekaa. Nalisema mwanzo kabisa, asije mtu akaniuliza mbele ya safari. Tangu alipoletwa Mkunazini bi harusi kutoka Kizimkazi mpaka akaota mvi, hajapata kupika amesimama hata kikombe cha chai. Alikuwa na kibao chake kifupi cha mti, seredani ya makaa mbele yake, mbuzi ya nazi ubavuni, kinu mkono wa kushoto, na sinia za vitunguu na bizari zimemzunguka. Kila kitu akikifikia bila ya kunyanyuka. Jiko lenyewe lilikuwa chini, nyuma ya ua, lina mlango mmoja na kidirisha, na sakafu yake ya saruji ilikuwa imesuguliwa kwa nyayo na maji ya miaka mpaka imekuwa laini.

Nje ya jiko, Bi Mwatum hakuwa mtu wa kutajwa. Mfupi, mnene kidogo, mchache wa maneno. Arusini hukaa pembeni na kitambaa chake mkononi, wenziwe wakicheza yeye anatazama viatu. Lakini mngoje ashike upawa! Hapo alikuwa akiamrisha kama kadhi. Mchuzi wake wa samaki ulikuwa ukisimamisha watu kichochoroni, na marehemu mumewe, Mzee Wakil, ambaye jicho lake la nje mtaa mzima ulikuwa ukilijua, alikuwa akirudi nyumbani kula hata siku alizokuwa hataki kurudi. Shughuli ya jirani haipakuliwi mpaka Bi Mwatum aonje chumvi. Mwenyewe alilijua hilo, na siku moja alimwambia nduguye Mayasa, "Mie nikitolewa jikoni nnabakia nani? Nnabakia bibi kizee wa kuamkiwa tu." Mayasa akacheka. Bi Mwatum hakucheka.

Alikuwa na mtoto mmoja, Talib, mtu mzima sasa, mfanyakazi wa bandarini. Talib akimpenda mama yake, na mapenzi ya Talib yalikuwa ya kumkaba mtu roho. Ukikohoa, kakuletea dawa. Ukisema leo joto, kakuletea feni mbili. Utotoni alikuwa akimwona mama yake akitoka jikoni macho mekundu kwa moshi, mkono mmoja kiunoni na mmoja ukutani, akisema "Ya Rabbi" kila akinyanyuka. Likamkaa moyoni. Alichokiona yeye ni mama akinyanyuka. Hakupata kumwona mama akikaa, maana mama akishakaa, yeye alikuwa ameshakwenda kucheza mpira.

Na mkewe Talib, Khairat, ni muuguzi. Asije mtu akanambia kuwa mkaza mwana ndiye mwenye fitina. Aka! Khairat alikuwa mtoto wa watu, mpole, mwenye kuitika "Naam, mama" kabla hujamaliza kumwita. Angalikuwa mbaya, Bi Mwatum angalau angalipata wa kugombana naye.

Basi Ijumaa moja, wameshakula, Talib alinawa mikono, akajifuta, akakaa mbele ya mama yake kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mama, nnataka kukujengea jiko."

"Jiko si lipo, mwanangu? Chakula ulichokula kimetoka wapi?"

"Lile si jiko, mama, lile ni adhabu. Nshazungumza na fundi. Tunaweka la gesi, tunaweka makabati, tunaweka na kaunta, ile meza ya jiwe ya kujengea ukutani. Utapika umesimama, umenyooka, hutoinama tena. Na jiwe la kaunta utalichagua wewe mwenyewe, kwa sababu jiko ni lako."

Bi Mwatum alimtazama mwanawe, akaziona mvi mbili tatu kwenye ndevu zake, akaona na furaha iliyomjaa usoni, furaha ya mtoto aliyeshika zawadi nyuma ya mgongo.

"Na mie," aliuliza taratibu, "nitakaa wapi?"

"Hukai, mama!" Talib akacheka kwa raha. "Ndiyo raha yake hiyo!"

Sasa mtu atasema, si angesema tu? Angesema nini, jamani? Mtoto kakuletea dunia kwenye kiganja, umwambie sitaki, nirudishie moshi wangu? Na huyo Talib mwenyewe si mtu wa kuambiwa neno likapita. Likimwingia hulala nalo na kuamka nalo. Halafu na yeye Bi Mwatum magoti yalikuwa yanamuuma kweli, asubuhi hasa, na hilo hakuweza kulikana. Kukaa kwake na kunyanyuka kwake vilikuwa mambo mawili mbali mbali, lakini nani angemsikiliza akieleza hayo? Akasema alilofunzwa kusema. "Allah akujaze kheri, mwanangu." Na neno hilo Talib alilichukua kuwa ni ndiyo.

Kuanzia hapo ikawa ni kuchagua tu. Khairat akitoka kazini humkalia ubavuni na simu yake, anamwonesha majiko ya watu. Majiko ya Dubai, majiko ya Uturuki, majiko ya wapi huko ambako hakuna hata tone la mafuta ukutani, ungefikiri watu wake wanakula dua. "Hii je, mama? Na hii? Hii nyeupe?" Bi Mwatum akivaa miwani, akivua miwani. "Yoyote, mwanangu. Mtakavyoona nyie." Na Khairat, kwa vile alilelewa vizuri, alijua kuwa mtu mzima hajibu mara ya kwanza, basi akimuuliza tena, na tena. Adabu zao ziligongana hivyo wiki nzima, na hakuna aliyemkosea mwenziwe.

Mwisho wakenda dukani. Duka la mawe lilikuwa Mtoni, kando ya njia ya Bububu, uwanja mpana wenye mabamba yamesimamishwa yakiegemezwa kama milango isiyokuwa na nyumba. Walikwenda watatu: Bi Mwatum, Khairat, na Mayasa aliyekuwa amekuja mjini kwa siku chache. Mayasa ni mdogo wake Bi Mwatum, mlimaji wa mwani, mkavu, mrefu wa ulimi. Kwao Kizimkazi anapikia mafiga matatu mpaka leo, na alikuja kwa ajili ya kushangaa.

Mwenye duka, Msabah, aliwatembeza. Hii marumaru, mama zangu, nzuri, baridi, unaweza kusukumia chapati juu yake bila ya kibao. Khairat akauliza, na ndimu je? Msabah akajikuna kisogo, akakiri kwamba marumaru na ndimu hawapatani. Ikimwagika ikasahauliwa huacha alama isiyotoka, na ukwaju vivyo hivyo. "Basi hiyo haifai," akasema Mayasa. "Nyumba ya Mwatum ndimu zinamwagika kuliko maji." Wakenda kwenye lile jeupe la kutengenezwa kiwandani. Manjano yakikaa juu yake, nalo hugeuka rangi. Wakenda kwenye vigae. Vigae vyenyewe imara, lakini zile fito za saruji baina ya kigae na kigae hunywa mafuta ya samaki, na baada ya mwaka jiko hunuka soko. Mbao za mninga zilimpendeza Khairat, lakini Msabah mwenyewe alisema, hewa hii ya chumvi na maji ya kila saa, mbao zitavimba.

Wakafika kwenye terazo, ile saruji ya vijiwe iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Kipande chake cha mfano kilikuwa kimelazwa chini, juu ya mchanga. Hapo Bi Mwatum alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria hunitia uchungu. Alikunja buibui lake, akakaa chini. Akakaa pale pale dukani, miguu kaikunja upande, akaweka viganja vyake viwili juu ya jiwe lile, akasukuma mbele, akavuta nyuma, kama anayekanda unga. Uso wake ukafunguka. Kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze alikuwa na rai yake mwenyewe.

"Hili," alisema, "likiwa hapa hapa, namna hii..."

"Mama!" Khairat akamkimbilia. "Umechoka, mama yangu? Kaka Msabah, kiti tafadhali, mama anasikia kizunguzungu!"

Kikaletwa kiti cha plastiki. Wakamshika mkono huku na huku, wakamnyanyua, wakamkalisha, wakampa maji ya kunywa. Khairat akamshika na mshipa wa mkono kutazama mapigo. Huruma zake zilikuwa za kweli, na Bi Mwatum akaona haya kumwambia kwamba alikuwa mzima. Akanywa maji, akasema alhamdulillahi.

"Dada, chagua tukaswali," akasema Mayasa. "Mchagua nazi hupata koroma!"

"Ipi basi, mama?" akauliza Khairat kwa upole. "Jiko ni lako."

Bi Mwatum akanyoosha kidole kwenye bamba jeusi la graniti. Alilichagua kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na mlango wa kutokea. Jioni ile Talib alipooneshwa picha yake, alipiga kofi pajani. "Mnaona? Mama ana jicho! Graniti nyeusi haiogopi ndimu, haiogopi manjano, haiogopi sufuria ya moto. Kachagua kama fundi." Bi Mwatum akatabasamu. Ungefanya nini?

Sasa lililobaki lilikuwa urefu, na hapa ndipo mambo yalipokwendea kombo, kwa njia ambayo, wallahi, sidhani kama ingetokea kwengine.

Fundi wao aliitwa Borafya, mtu wa Jang'ombe, mwaminifu, mwenye mazoea ya kuimba chini chini akifanya kazi. Jiko la zamani lilikuwa limeshabomolewa, seredani imetolewa uani, kuta zimetobolewa. Borafya alipotaka kuanza kujenga miguu ya kaunta, aliitafuta futi yake ya chuma akaikuta imekufa kutu, haifunguki. Hakujali. Aliokota ufito kwenye rundo la takataka, akaukata ncha, akamwita mwenye jiko.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, fundi. Za kazi?"

"Nzuri. Hebu nisimamie hapa, mama, wima, uukunje mkono. Kaunta hupimwa kwa kiwiko cha mwenye kupika. Ikizidi hapo humvunja mabega, ikipungua humvunja mgongo." Akausimamisha ufito ubavuni mwake, kutoka unyayoni kwenda juu.

Mayasa alikuwa mlangoni anakunywa chai. Kikombe kilimponyoka.

"Astaghfirullah! We fundi we! Unamsimamisha mtu mzima ukampima kwa ufito? Umeambiwa kuna maiti humu?"

Na kwa watu wa kwao na wa rika lao, hilo si la mzaha. Anayepimwa kwa ufito ni aliyekwisha kufa; ufito hukatwa sawa na kimo chake ukapelekwa makaburini, ili mwanandani, ule uwazi wa kaburini anapolazwa maiti, uchimbwe wa kumtosha. Mtu mzima aliye hai ukimpima hivyo, umemwitia kifo. Bi Mwatum mwenyewe alikuwa amesharuka nyuma. Masikini Borafya aliutupa ule ufito kama aliyeshika nyoka, akaomba radhi mara tatu, akasema hakukusudia, shetani tu. Talib akatoka chumbani mbio kwa makelele yale. Aliposikia, naye uso ulimbadilika.

"Fundi, mama hapimwi," alisema. "Mpime mke wangu. Wanawake wote si hao hao jikoni?"

Kwa hiyo akapimwa Khairat. Na Khairat, Mungu ambariki, ni mrefu wa kuchuma embe bila ya kijiti. Ukoo wao wote warefu. Kiwiko cha Khairat kilikuwa sawa na kifua cha mamamkwe. Borafya akatia alama ukutani kwa mkaa, Mayasa akaanza kumsomea dada yake Ayatul Kursiyu na kumpulizia kichwani, Talib akaleta udi ufukizwe. Bi Mwatum alisimama pale akihema, anamshukuru Mungu kwa kuwa hakupimwa. Alama ya mkaa ilikuwa mbele ya macho yao wote. Hakuna aliyeitazama. Na mimi ningalikuwepo, nisingaliitazama vile vile.

Jiwe lililetwa miguu ilipokwisha kujengwa ikakauka. Gari haiingii katika vichochoro vile, kwa hiyo lilibebwa na wanaume sita kutoka barabarani, wakipiga hatua za kuku, na nyuma yao mtaa mzima umesimama: mwenye baiskeli hapiti, mwenye kapu la samaki hapiti, kila mtu akitoa shauri lake. "Upande! Upande! Inua huko!" Watu walimpa Bi Mwatum hongera kwenye kizingiti kama mtu aliyeozesha. Lilipokwisha kuwekwa, likapakwa gundi ukutani, likang'arishwa kwa tambara, lilikuwa zuri, nani atabisha? Jeusi, lina chembe za fedha ndani yake, linazunguka jiko pande mbili na kati limebaki pito la mtu mmoja tu. Sakafu nayo ilitiwa vigae vyeupe, ukikanyaga na maji unateleza. Wanawake wa jirani walipita wakaligusa kwa ncha za vidole. "Jiko la kifalme hili, Bi Mwatum! Umezaa!"

Asubuhi ya mwanzo, Talib na Khairat wameshakwenda makazini, Bi Mwatum aliingia peke yake akande unga wa chapati. Alitia unga kwenye beseni, akaweka juu ya jiwe. Jiwe lilimfika kifuani. Mikono ikawa imenyanyuka kama mtu anayeomba dua, na nguvu za kukanda, zile zinazotoka kiunoni zikapitia mabegani, hazikuwa na pa kushukia. Unga uliteleza huku na huku kwenye beseni bila ya kushikana. Alisukuma mpaka jasho likamtoka. Bibi huyu alikuwa akikanda unga wa kulisha maziko ya watu mia akisimulia hadithi, na sasa kibonge cha chapati sita kilimshinda.

Akaleta kibao chake, akapanda juu. Naam, sasa alifika! Akakanda, akasukuma, akawasha na gesi. Alikuwa ameanza kupata raha, yuko juu ya kibao kinachoyumba kwenye vigae vyenye maji, shungi limening'inia karibu na moto, ndipo Khairat aliporudi kuchukua kitambulisho alichosahau.

"Mama! Shuka, mama! Shuka taratibu!" Akamkumbatia kiunoni, akamteremsha. "Mama, mimi kazini nnawaona kila siku. Wanaanguka hivi hivi, nyonga inavunjika, hawainuki tena. Nakuomba, mama." Machozi yalikuwa yakimlenga. Na alilolisema lilikuwa kweli tupu. Kibao akakipandisha juu ya kabati, mahali ambapo mtu mrefu tu anafika.

Talib hakushindwa. Akaleta kiti kirefu cha chuma chenye kizunguko. Kukipanda ilikuwa vita. Alipokaa juu, miguu ikaning'inia hewani, na kila akiukunjua mkono kuchukua kitunguu kile kiti kinamgeuza kumtazamisha ukutani. Akaling'ang'ania jiwe kwa mikono miwili asianguke. Mikono miwili ikiwa imeshika jiwe, nani atamenya kitunguu? Mayasa, alipohadithiwa kwa simu, alicheka mpaka akapaliwa, halafu akasema, "Dada, waambie."

Bi Mwatum akajaribu kuwaambia kwa vitendo. Siku moja aliitoa seredani iliyokuwa imetupwa uani, akaipangusa, akatia makaa, akatandika mkeka, akakaa. Akakuna nazi. Akachambua mchele. Jirani akapita akamsabahi, akamjibu kwa sauti ambayo haijasikika nyumba ile kwa muda. Wali ulikuwa umeshaanza kunukia Talib alipoingia. Hakugomba. Angaligomba, ingalikuwa nafuu. Alisimama akamtazama mama yake yuko chini kwenye moshi, na nyuma yake, mlango uko wazi, jiko linang'aa tupu. Akachutama mbele yake, mtu mzima yule, na suti yake ya kazi, macho yamemjaa maji.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hukunikosea kitu, mwanangu."

"Mbona wanitia aibu? Watu wanapita wanakuona. Watasema Talib kajenga jiko la mkewe, mama yake kamtupa uani."

Bi Mwatum alitaka kusema. Neno lilifika kooni, wallahi, lilifika. Lakini alipoyaona yale macho, lilirudi. Akayazima makaa kwa maji, moshi ukawafunika wote wawili, na akasema alikuwa anataka tu kuikumbuka ladha ya makaa.

Baada ya hapo alimvizia fundi. Borafya alipita kumalizia rangi ya dirisha, nyumba haina mtu mwengine, Bi Mwatum akamsogelea akasema kwa sauti ya chini kama anayeuliza habari za haramu.

"Borafya, hili jiwe halishuki?"

Borafya akaacha kuimba. Akamtazama yeye, akalitazama jiwe, halafu akamtazama tena yeye, kutoka utosini mpaka miguuni, na nadhani hapo ndipo alipouona mkosi wote kwa mpigo mmoja.

"Kulishusha ni kulivunja, mama. Limeshika ukutani, limeshika na miguu. Ukilitoa halitoki zima." Akasugua mikono yake. "Mbona hukusema siku ile? Nilikuwa nakupima wewe."

"Siku ile nilikuwa naogopa kufa," alisema Bi Mwatum.

Fundi akainamia rangi yake.

Basi mambo yakapata mkondo wake, kama maji yanavyopata. Khairat akibadilisha zamu ili awahi kurudi. Bi Mwatum huwekewa kiti mlangoni mwa jiko, kiti chenye mto na cha kuegemea, naye humwelekeza. Tia kitunguu. Ngoja. Usikoroge. Tui la kwanza liweke kando, anza na la pili. Khairat alikuwa mwepesi wa kushika. Mikono iliyozoea kudunga sindano haimwagi kitu. Mwanzo alikuwa akiuliza kila hatua. Halafu akawa anauliza nusu. Siku nyengine Bi Mwatum hufumbua mdomo kusema "sasa chumvi," akaiona chumvi imeshatiwa, na kiasi chake ndicho. Alikuwa akimwombea dua mkaza mwana wake kwa ulimi, na moyoni, Mungu amsamehe, alikuwa akimwombea aunguze. Chakula hakikuungua hata siku moja.

Ijumaa moja Khairat alipika pweza wa nazi. Bi Mwatum siku ile hakusema neno hata moja pale kitini, alitazama tu. Pweza alilainika ipasavyo, tui likashikana bila ya kukatika, bizari ikajiweka mahali pake. Wakatandika, wakakaa watatu. Talib karudi msikitini na njaa yake. Akatia tonge la kwanza mdomoni, akafumba macho, akaacha kutafuna.

"Ah, mama!" alisema. "Haya ndiyo niliyokuwa nikiyasubiri. Umerudi jikoni! Mkono wako mimi siupotezi, mama, hata nifungwe kitambaa cha macho."

Khairat akafumbua mdomo. Akamgeukia mamamkwe, uso unamwomba ruhusa, haya zimemshika kama aliyekamatwa na kitu cha mtu. Bi Mwatum alimtikisia kichwa, kidogo tu, asiseme. Alionja na yeye. Alitafuta kosa kwenye chumvi, akatafuta kwenye tui, akatafuta kwenye ndimu. Hakuliona, na kutoliona kulimuuma rohoni kuliko siku aliyozikwa Mzee Wakil, na hilo nalisema kama lilivyo.

"Kula, mwanangu," alisema. "Kula ushibe."

Talib akasukuma sahani mbele aongezwe, na Khairat ndiye aliyenyanyuka kumpakulia.